Vitunga vya Mama Mupangaji

Asubuhi ile niliamka bila mpango wowote, na kwangu hiyo ndiyo dalili ya siku nzuri. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya maharagi ya Kibabi, na miguu yangu ilikuwa inawasha. Nilikunja mkeka, nikafunga blanketi kwa kamba ya mgomba, nikatoka. Hakuna aliyeshangaa. Niliacha shule mapema kwa sababu benchi langu lilikuwa karibu na dirisha, na chini ya dirisha ilipita barabara. Toka hapo nimekuwa mtu wa kwenda kuona kuna nini huko mbele.

Nilipopita kwenye ua wa jirani, mama mwenye kiwanja alikuwa anafagia. Akaliona blanketi langu.

"Unaenda wapi tena?"

"Sijue, Mama."

"Na utarudia siku gani?"

"Ile pia sijue."

"Sasa kile unajua ni nini?"

Nikafikiri. "Najua ninashuka."

Alicheka mpaka fagio likamponyoka. Kisha akaingia nyuma ya nyumba, akarudi na matunda mekundu yenye umbo la yai, ameyafunga katika jani la mgomba. Yalikuwa vinyomoro. Akayasukuma ndani ya mfuko wangu huku anaangalia kama mumewe yuko karibu.

"Iko ya ule muti," akasema. "Ukimukuta, umupe. Usipomukuta, kula."

Hakutaja jina, na mimi pia sitalitaja. Kibabi nzima tulimwita Mama Mupangaji, kwa kuwa alikodi kiwanja cha nyuma ya nyumba hiyo. Mimi pia nilikuwa nimekodi kitanda kwa jirani, lakini hakuna aliyeniita Papa Mupangaji. Sikuwahi kukaa muda wa kutosha kupata cheo.

Nilishuka kilima, na njia nzima nilikuwa naye kichwani.

Alikuwa mfupi, mpana, na sauti yake ilifika mahali kabla yake. Kanisani aliimba kwa nguvu hata katekista akawa anasubiri amalize ndipo aendelee. Kiwanja chake kilikuwa kidogo kiasi kwamba mbuzi akiingia alitoka kinyumenyume. Lakini ndani ya kiwanja hicho kulikuwa na mashu, yaani kabichi, karoti, vitunguu, mchicha wa lengalenga, pilipili, na majani ya kila harufu, yamebanana kama watu siku ya soko. Wafugaji walishuka kutoka upande wa Burungu na maziwa, wakapanda tena na mashu. Wapishi wa mashamba ya wazungu walikuja kutafuta vitunguu vya majani. Mwenye homa alipewa mchaichai, mwenye tumbo alipewa mubirizi, na ule uchungu wake ulimfanya apone kwa hofu ya kupewa tena.

Mboga zake alizipa vyeo. Mashu aliyaita bakubwa, kwa kuwa yananenepa bila kufanya kazi. Vitunguu vilikuwa masoda, yaani askari, vimejipanga mistari na kila mmoja na mkuki wake. Lengalenga zilikuwa bageni, zimeota bila kuitwa na haziendi zao. Asubuhi alipita katikati yao mikono kiunoni.

"Bakubwa, mumelala vizuri? Masoda, musimame! Weye, mugeni, nani alikupa ruhusa ya kukaa mu karoti?"

Nilikuwa naegemea ua na kumwuliza kwa nini hiki, kwa nini kile. Juu ya nini majivu? Juu ya nini asubuhi na si jioni? Juu ya nini unakata kichwa cha mmea huu na ule unauacha? Akachoka, akanipa jina la Papa Juu-ya-Nini, na jina likanishika kama tope. Mpaka leo kuna watu Kibabi wanaodhani ndilo nililobatizwa nalo.

Mwanamke huyo aliyeishi na mikono ndani ya udongo aliogopa nyungunyungu kuliko chui. Akimchimbua mmoja, jembe liliruka upande huu na yeye upande ule. "Yesu wangu! Muje! Muje!" Watu walikuja mbio na mapanga, wakakuta kidudu cha urefu wa kidole. Mama mwenye kiwanja alimwokota, akamtupa ng'ambo ya ua, na Mama Mupangaji akarudi kulima huku anatetemeka na kututukana sisi tunaocheka.

Kubwa kuliko hilo: mboga hakula. Hata jani. Alikula samaki wa moshi, ndizi, nyama akipata. Siku moja nilimkuta amemaliza kufunga mafungu ya lengalenga, mazuri hata mimi nikasikia njaa, na yeye anatafuna samaki mkavu.

"Mama, juu ya nini haukule majani yako?"

Akaniangalia kama nimemtukana mbele ya kanisa. "Miye niko mbuzi?"

Sasa lazima nieleze jambo la udongo, maana bila hilo huwezi kujua kwa nini tulikuwa tunacheka huku tumeshika roho.

Kwetu juu ya vilima, mtu aliyekodi udongo anaruhusiwa kupanda kitu kinachokufa. Maharagi, mashu, karoti: vinavunwa, vinaisha, na udongo unarudi kwa mwenyewe. Lakini ukipanda kitu kinachodumu, mgomba ao kahawa ao mti wowote, umeanza kusema udongo ni wako. Mti unakaa, aliyeupanda anakaa nao, na kesho watoto wake wanadai kivuli. Hivyo mpangaji akipanda kitu cha kudumu, anafukuzwa. Hakuna anayebisha, hata mpangaji mwenyewe.

Papa mwenye kiwanja alikuwa na sababu ya kuwa mkali. Baba yake alimwazima mtu pembe ya shamba, mtu yule akapanda migomba michache, akasema ni ya pombe tu, na leo pembe ile ni ya wajukuu wake. Papa alipita hapo kila siku akienda shambani, na kila siku alitema mate. Kwa hiyo Mama Mupangaji alipokuja kukodi, alimwambia mbele ya kapita, msimamizi wa kijiji: "Mama, upande kila kitu. Lakini kitu ya kubakia, hapana. Siku nitakuta muti mu udongo yangu, unafunga mizigo."

"Sawa, Papa," akajibu. "Mu udongo yako sitapanda muti."

Na hakupanda. Alipanda katika vitunga.

Mchaichai haufi, mubirizi ni mti kabisa, na bila hivyo asingekuwa na nusu ya wateja wake. Basi alikusanya kila kitunga kilichotoboka, kila chungu kilichopasuka, karai lililoliwa na kutu, hata kofia ngumu ya mzungu fulani iliyopoteza ukingo, akavijaza udongo na kupanda humo vile visivyokufa. Akavipanga kando ya ua. Papa mwenye kiwanja alipokuja na kidole chake kimenyooka, alimjibu kabla hajafungua kinywa: "Iko mu kitunga, haiko mu udongo."

Papa alizunguka mara nyingi, akachungulia chini ya karai, akaondoka anajikuna kichwa.

Lakini mizizi haina akili ya kusikiliza maneno ya watu. Kitunga kikikaa mahali pamoja, mizizi inatoka chini, inaingia ardhini, na hapo umepanda. Mama Mupangaji alijua. Ndiyo maana kila Jumapili baada ya kanisa alivitembeza vitunga vyake. Si mchezo. Akiwa bado na kitambaa kizuri na viatu vya ibada, aliinua kimoja kimoja, akakikung'uta chini, akakata mizizi iliyochungulia, akakisogeza mahali papya. "Leo batoto wanatembea!" Watu walikuja na vibuyu vya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kuangalia. Katekista alimwambia kwamba Jumapili hakuna kazi. "Papa Katekista," akasema, amekumbatia karai la mubirizi, "kutembea haiko kazi." Katekista alifikiri kidogo, naye akashika upande wa pili wa karai.

Mimi nimetembea maisha yangu yote, lakini sijapata kuona bustani inayotembea. Nilikuwa naahirisha safari zangu mpaka Jumatatu.

Sasa, kinyomoro. Mpishi mmoja alimletea mche, akaupanda katika kitunga kipana cha mihogo. Ukapanda juu haraka, majani makubwa kama masikio ya tembo, ukachungulia juu ya ua. Kisha ukashika matunda. Hapo Mama Mupangaji, mwanamke aliyeamrisha masoda na kutukana bakubwa, akawa mtu mwingine. Jumapili ilipofika, alitembeza vyote, akafika kwenye kinyomoro, akasimama.

"Na huyu?" nikauliza.

"Huyu iko na mimba. Ukimutikisa, itatoka."

"Mama, mizizi."

"Jumapili ingine."

Jumapili nyingine matunda yalikuwa makubwa zaidi, na huruma yake pia. Mama mwenye kiwanja alimwambia. Katekista alimwambia. Aliwasikiliza wote, akaenda kuufutia majani vumbi.

Matunda yakawa mekundu, na rangi nyekundu juu ya ua inaonekana mbali. Papa mwenye kiwanja aliyaona akitoka shambani, labda akiwa ametoka kutema mate kwenye migomba ile. Alikwenda moja kwa moja kumwita kapita.

Kapita alikuja na fimbo yake na tumbo lake, na nyuma yake Kibabi yote iliyokuwa na miguu. Alimpenda Mama Mupangaji. Mubirizi wake ulikuwa umemtoa minyoo. Lakini sheria aliijua. Alisimama katikati ya mashu, akasema taratibu, kila mtu asikie:

"Mambo iko nyepesi. Tutainua kila kitunga. Kama yote inainuka, Mama anabakia na Papa ananyamaza. Kama moja inakatala, Mama ameshapanda, na anaenda akishavuna maharagi. Munakubali?"

"Ninakubali," akasema Papa.

Mama Mupangaji alifunga kitambaa chake upya. "Muinue. Muchunge mugongo tu."

Wakaanza. Mchaichai ukainuka, watu wakapiga vigelegele. Chungu cha vitunguu saumu kikainuka. Karai la mubirizi likainuka kwa watu wawili, na mmoja wao alikuwa katekista, ambaye alijua pa kushika. Kofia ya mzungu ikainuka kwa kidole kimoja cha kapita, na kapita akaivaa na udongo wake wote na mnanaa ukiota utosini. Nilidhani tutakufa kwa kucheka. Hata Papa mwenye kiwanja alicheka, kisha akakumbuka alichojia. Mama Mupangaji alikuwa anacheza katikati ya karoti, anaimba kila kinachoinuka kwa cheo chake.

Kikabaki kimoja. Akaacha kucheza.

Papa alikumbatia kitunga cha kinyomoro, akavuta. Hakikutikisika. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikatoka. Kapita, bado amevaa mnanaa, akashika ng'ambo. Wakahesabu, wakavuta pamoja, kikasikika kitu kama kitambaa kinachochanika, na kapita akarudi kinyumenyume na ukingo wa kitunga mkononi, akakaa juu ya mashu mawili ya bakubwa. Kinyomoro kilibaki kimesimama pale pale, kimevuliwa nguo, kikiwa ndani ya udongo wa Papa kama kilichozaliwa humo. Matunda machache yalianguka, yakabingirika mpaka miguuni pa Mama Mupangaji.

Hakuna aliyecheka.

Aliinama, akaokota tunda moja, akalifuta kwenye kitambaa chake.

"Nilimuonea huruma," akasema. Sauti yake, kwa mara ya kwanza toka nimjue, ilikuwa ndogo.

"Mama," akasema kapita kutoka kwenye mashu, "hata miye ningemuonea. Lakini umepanda."

"Nimepanda," akakubali.

Mama mwenye kiwanja ndiye aliyelia, akamwambia mumewe maneno ambayo siwezi kuyaandika. Papa alisimama amelegeza mikono. Alikuwa ameshinda na hakujua auweke wapi ushindi ule. Mwisho akasema muti utabakia, kwa kuwa sasa ni wa udongo wake.

"Sawa," akasema Mama Mupangaji, na sauti ilikuwa imeanza kurudi. "Lakini umumwangie maji asubuhi, Papa. Na usimutembeze."

Alivuna maharagi, akampa Papa sehemu yake na kibuyu cha kasiksi kama walivyopatana toka mwanzo, akafunga mizigo. Siku aliyoondoka, wanawake wa Kibabi walijipanga njiani, kila mmoja na chungu ao kitunga kichwani, majani yanatikisika juu yao, na harufu ya mchaichai ikatutangulia mteremko wote. Mama mwenye kiwanja alibeba karai. Mimi nilibeba mchaichai. Nyuma kabisa alikuja Papa mwenye kiwanja, na kofia ya mnanaa mikononi, ameishika kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai. Vitunga vilitembea siku ile kuliko Jumapili zote. Kwenye daraja la miti alitushukuru, akavipakia kwa wabebaji waliokuwa wanashuka kuelekea Walikale, akaenda nao. Alikokuwa anakwenda hakusema, nami, kwa mara moja katika maisha yangu, sikuuliza.

Miaka imepita toka hapo. Kinyomoro kile kimekuwa kinene. Papa hukimwagia maji kila asubuhi na kukana akiulizwa.

Asubuhi ile ya vinyomoro nilishuka, basi. Baridi ilibaki juu, migomba ikapungua, miti ya msitu ikaanza kusimama karibu karibu, na hewa ikawa nzito kama nguo iliyolowa. Nililala kwa watu nisiowajua, nikavuka mito nisiyoijua majina, nikauliza majina yake yote. Mvua ilinikuta upande wa Omate, mahali ambapo watu wanachimba na kuosha mchanga kutafuta madini, na njia yenyewe ni tope jekundu mpaka magoti. Nilikuwa sina chakula isipokuwa vile vinyomoro, na sijui nilivihifadhi kwa ajili gani. Nikamwuliza mchimbaji mmoja aliyekuwa anaosha miguu mtoni:

"Kaka, mugeni analala wapi hapa?"

"Kwa Mama. Fuata harufu."

Nilidhani ananitania. Kisha upepo ukageuka, na mchaichai ukaniingia puani.

Nilikwenda mbio kwenye tope lile, nikaanguka, nikainuka nacheka peke yangu. Nyumba ilikuwa ndefu, ya miti na majani, ina milango kadhaa, na mbele yake vilijipanga vitunga, vyungu, karai, na kofia ya mzungu. Ndani kulikuwa na mtu anapiga kelele juu ya nyungunyungu.

"Mama," nikaita, "juu ya nini unaogopa kitu haina meno?"

Kelele zikakatika.

"Papa Juu-ya-Nini!"

Alikuwa amepungua kimo, kama hilo liliwezekana, na nywele zilikuwa za majivu. Alinishika uso kwa mikono yenye udongo, akanikalisha, akaniwekea sahani ya lengalenga na ndizi. Yeye akachukua samaki wake wa moshi.

"Udongo huu iko ya nani?" nikauliza na kinywa kimejaa.

"Ya kwetu. Ya baba yangu. Hapa siko mupangaji ya muntu. Hapa miye njo ninapangisha."

"Sasa juu ya nini ulitoka hapa ukaenda kukodi kwetu, mu baridi?"

"Kula."

Nilikula. Kisha nikakumbuka, nikatoa jani la mgomba, limekauka na kupasuka. Vinyomoro vilikuwa vimelainika, vingine vimebonyea. Hakuniuliza vimetoka wapi. Alikiinua kimoja hadi puani, akakinusa. Kisha akakipasua kwa kidole gumba, akainama mlangoni, akasukuma mbegu ndani ya ardhi yenyewe, bila kitunga, na kuifunika kwa kisigino.

"Hapa iko joto mingi," akasema. "Haitaota."

"Sasa juu ya nini unapanda?"

"Juu hakuna wa kunikataza." Akafuta mikono. "Utalala pale, pembeni ya mulango. Usogeze kile kitunga, upate nafasi ya mukeka."

Niliweka blanketi chini, nikakikumbatia kitunga cha mchaichai, nikavuta. Hakikuja. Nikavuta kwa nguvu, miguu ikateleza, na kabla sijafikiri niligeuka nyuma kumtafuta kapita.

Alikuwa ameketi chini kwa kicheko, samaki bado mkononi, machozi yanamtoka.

"Uache," akasema alipopata pumzi. "Uyo alishafika zamani. Tandika upande huu, na weye pia ufike."

Nikatandika upande ule.